Herufi Mbili Mahali pa Jina

Marehemu baba aliendesha teksi Arusha, na kwa miaka mingi kijiwe chake kilikuwa jirani na jengo la AICC. Abiria wake wengi walikuwa wafanyakazi wa mahakama tuliyoiita kwa mkato "Mahakama ya Rwanda". Nilipokuwa mdogo nilidhani Rwanda yenyewe iko mle ndani, ghorofa kadhaa juu, na kwamba baba angeweza kunipeleka akipata nafasi.

Siku moja, biashara ikiwa imelala, aliingia yeye mwenyewe. Vikao vilikuwa wazi kwa umma. Ulionyesha kitambulisho, ukapekuliwa, ukapewa vifaa vya kusikilizia, ukakaa nyuma ya kioo. Alirudi nyumbani na jambo moja tu la kusimulia, na alilirudia hadi anafariki. Shahidi alikuwa mwanamke, lakini alikaa nyuma ya pazia na hakuna aliyemwona. Katika vifaa vya masikioni ilisikika sauti ya mkalimani, na mkalimani wa siku hiyo alikuwa mwanamume. "Lidume linasema mimi nilikuwa na mume, mimi walinikamata," baba alikuwa akisema. "Sauti ya baba mtu mzima, maneno ya mama. Na jina lake hawakulitaja. Walimwita kwa herufi, kama namba ya gari."

Nilizaliwa mwaka 1998. Sikujua, mpaka nilipoanza kuandika tasnifu yangu ya uzamili katika historia, kwamba mwaka huo una uzito wa pekee katika mambo ninayoyasoma. Tarehe 2 Septemba 1998, katika jengo lile lile, Jaji Laïty Kama wa Senegal akiwa na wenzake Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini walisoma hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi, na mara ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji hayo. Mwaka huo huo Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, Sheria Na. 4 ya 1998, ambayo wengi wanaifahamu kwa kifungo cha miaka 30. Nitairudia baadaye, maana ndani yake kuna kifungu kidogo kilichonikosesha usingizi.

Kwanza Taba. Hati ya mashtaka ya awali dhidi ya Akayesu haikuwa na neno lolote kuhusu ubakaji. Kesi ilianza Januari 1997. Mwezi huo huo mama mmoja aliyeitwa Shahidi J, akijibu maswali kuhusu mambo mengine, alisema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanaume watatu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Machi akafuata Shahidi H, naye akaeleza yaliyompata yeye na aliyoyaona karibu na ofisi ya komuni. Mashtaka yakarekebishwa mwezi Juni, na kesi ilipoendelea baadaye mwaka huo wakaja wengine: JJ, KK, NN, OO. Kwa maneno mengine, jambo linalofundishwa leo katika vyuo vya sheria duniani kote lilianza kwa wanawake wa kijijini waliosema walichokuwa hawajaulizwa. Nao tunawajua kwa herufi tu.

Kusema hakukuwa mchezo. Godelieve Mukasarasi, mama aliyeanzisha kikundi cha kusaidia wajane na yatima huko Taba, alikuwa miongoni mwa waliowatia moyo wanawake hao. Desemba 1996, baada ya familia yake kukubali kutoa ushahidi, mume wake na binti yake waliuawa. Kesi ilikuwa bado haijaanza. Kila ninapokutana na mtu anayesema kwamba kuficha majina ya mashahidi ni urasimu tu wa wazungu, huwa namwambia habari ya Desemba hiyo.

Ulinzi wenyewe uliandikwa katika Kanuni ya 75 ya taratibu za mahakama ile. Majaji waliweza kuamuru jina na kila kitu cha kumtambulisha shahidi vifutwe katika kumbukumbu za wazi. Wangeweza kumpa jina la bandia, kubadilisha sauti na sura yake katika vyombo, au kufunga milango na kumsikiliza faraghani. Ikitokea wakili akateleza na kutaja jina kikao kikiwa wazi, jaji aliagiza lifutwe kwenye mwenendo wa kesi. Ndiyo maana ukisoma leo kumbukumbu hizo kupitia kanzidata ya wazi ya taasisi iliyorithi kazi ya mahakama, ile yenye makao yake Lakilaki nje kidogo ya mji wa Arusha, unakutana na mistari myeusi. Kuna kurasa ambazo wino mweusi umebakiza "ndiyo" na "hapana" peke yake. Mara nyingine unakuta tu taarifa kwamba kikao kiliendelea kwa faragha, halafu namba za kurasa zinaruka, na unabaki unahesabu: kurasa kumi na mbili. Huyu mama alisema kurasa kumi na mbili ambazo mimi sitazisoma kamwe.

Nakiri kwamba mwanzoni nilikasirika. Sisi wanafunzi wa historia tumelelewa na malalamiko ya aina moja: nyaraka zinawataja magavana, wamisionari na machifu, lakini mwanamke wa kawaida akitokea anatokea bila jina, "mke wa fulani", "mtumwa mmoja wa kike". Tumefundishwa kwamba kumrudishia mtu jina lake ni kazi takatifu ya mwanahistoria. Na hapa nina mahakama iliyosikiliza mashahidi zaidi ya 3,000, nusura ya maelfu ya maisha, na mkono wa karani umepita juu ya majina kwa wino. Zaidi ya hapo, mtu mmoja aliweza kutoa ushahidi katika kesi mbili akiwa na herufi tofauti, na herufi zile zile zikatumika kwa watu tofauti katika kesi tofauti. Huwezi kumfuata mtu. Niliandika kwenye daftari langu, kwa hasira ya kitoto, kwamba wamewaficha mara ya pili.

Sikulifuta sentensi hilo, bado lipo. Lakini siku hizi nikilisoma naona aibu kidogo.

Lililonibadilisha la kwanza ni habari ya Shahidi TA. Alitoa ushahidi mwaka 2001 katika kesi ya Butare, ile iliyokuwa na washtakiwa sita, mmoja wao Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake. TA alihojiwa na mawakili wa utetezi kwa siku nyingi kuhusu kubakwa kwake. Katika moja ya siku hizo, wakili akiuliza maswali ya ovyo, majaji walicheka. Mahakama ilieleza baadaye kwamba walimcheka wakili, si shahidi. Ufafanuzi huo haukuwaridhisha manusura. Mwanzoni mwa 2002 jumuiya zao, Ibuka na Avega, zilitangaza kusitisha ushirikiano na mahakama. Kicheko kile kinatajwa sana. Kisichotajwa sana ni alichomweleza TA mtafiti Binaifer Nowrojee, ambacho kilichapishwa mwaka 2005: kwamba aliporudi nyumbani watu walishajua alikotoka na alichokwenda kusema, na kwamba mchumba wake alimwacha.

Tafakari hapo. Pazia lilikuwepo, herufi zilikuwepo, wino ulipita kila mahali ulipotakiwa kupita. Mwanafunzi wa London au wa Dar es Salaam hawezi kumjua TA. Mtu wa Butare alimjua. Na haikuhitaji hila kubwa. Mshtakiwa ana haki ya kumjua anayemshitaki, hivyo majina yalikabidhiwa kwa upande wa utetezi kabla ya ushahidi kusikilizwa, na utetezi ulikuwa na wapelelezi wanaotembea vijijini kuuliza maswali. Hata bila hao, kijiji kina macho yake. Jirani anaona gari limekuja alfajiri, anaona mlango umefungwa wiki mbili, anasikia kwenye redio kwamba Arusha kuna shahidi anayesema juu ya mahali fulani, siku fulani. Anajumlisha mwenyewe. Pazia lilimficha mama yule kwa watu wasioweza kumdhuru, na likamwacha wazi kwa wale aliokuwa anarudi kuishi nao.

Rwanda yenyewe ililiona tatizo hili ilipoandika sheria za gacaca, zile mahakama za wananchi zilizokaa kwenye nyasi mbele ya kijiji kizima. Sheria ya mwaka 2004 ilikataza mtu kuungama ubakaji hadharani, na ikamruhusu aliyetendewa kumchagua mwamuzi mmoja anayemwamini na kumpelekea malalamiko kwa siri. Naipenda sana akili iliyomo katika katazo hilo la kwanza. Aliyelitunga alielewa kwamba hata toba ya mkosaji inaweza kumvua nguo aliyekosewa: mwanamume anasimama, analia, anaomba msamaha, na kila mtu anageuka kumtazama mwanamke. Mwaka 2008 mashauri mengi ya ubakaji yalihamishiwa gacaca, yakasikilizwa kwa faragha. Lakini faragha ya kijijini ina mipaka. Wanaopita njia wanaona ni nani ameingia chumba kile siku ile.

Nilikuwa nimefika hapo katika sura ya tatu, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, nikiandika kuhusu Wanyarwanda kana kwamba jambo hili ni la kwao. Msimamizi wangu akasema sura inahitaji ulinganisho na nyumbani. "Binti yangu, umeishi umbali wa daladala moja kutoka mahakama hiyo, halafu unaandika kama mgeni. Sisi wenyewe tunaandikaje?"

Basi nikaanza kusoma hukumu zetu. Siku hizi ni rahisi. Unakaa kitandani na simu, unaandika maneno mawili matatu, unapata rufaa za miaka mingi. Nilisoma kwa wiki kadhaa. Baadhi ya majaji ni waangalifu kweli, wanaandika mwanzoni kabisa kwamba jina la mtoto limehifadhiwa na kuanzia hapo atakuwa "mwathirika" au herufi tatu tu. Wengine wanaandika jina lote, moja kwa moja, hasa katika hukumu za zamani. Na wengi wako katikati.

Ile iliyonipata mimi ilikuwa ya katikati. Mtoto alipewa herufi. Alikuwa na umri wa chini ya miaka kumi, na umri ulitajwa, kwa kuwa sheria inautaka. Shahidi wa pili alikuwa baba yake, kwa majina yake matatu. Shahidi wa tatu, mwalimu, pamoja na jina la shule. Kisha kitongoji, kisha njia aliyopita mtoto, kupitia mashine ya kusaga. Nimebadilisha mambo mawili katika maelezo haya na sitasema ni yapi, maana mashine ile naijua. Nimewahi kutumwa pale na bibi, nikiwa na debe la mahindi kichwani, kila likizo ya Juni. Baba yule namjua. Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kufungua kopo la soda kumjua mtoto ni nani, na kabla sijapata nafasi ya kuacha kusoma, nilikuwa nimeshasoma. Daktari alieleza alichokiona. Hukumu ikanukuu.

Nilifunga simu. Nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Sasa kile kifungu. Sheria ile ya 1998 iliongeza katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 186, agizo kwamba ushahidi katika makosa ya kujamiiana usikilizwe chemba, na kwamba ushahidi huo na mashahidi wake wasichapishwe katika gazeti wala chombo kingine cha habari. Agizo zuri. Lakini sentensi inaendelea, na mwisho wake inafungua mlango: katazo halihusu mfululizo wa ripoti za sheria unaotolewa kwa nia njema, wala majarida ya kitaalamu ya wanasheria na madaktari. Mwaka 1998 mlango huo ulikuwa mwembamba sana. Ripoti za sheria zilikuwa vitabu vizito vyenye majalada magumu, vilivyokaa ofisini kwa mawakili na katika maktaba chache, kwa Kiingereza, kwa bei ambayo baba yangu asingeilipa kwa mapato ya mwezi. Mtunga sheria hakukosea. Aliwaacha wanasheria wasome kwa sababu sheria haikui bila kusomana, na alijua hakuna jirani atakayekwenda kukifungua kitabu kile.

Kuta zilizolinda faragha hiyo zilikuwa ni bei, umbali na lugha. Hakuna aliyeziita ulinzi, kwa hiyo zilipoondolewa hakuna aliyesikitika, na mimi pia sikusikitika. Hukumu kuwekwa mtandaoni bure ni jambo jema. Wakili wa Sumbawanga ana maktaba ile ile aliyonayo wa Dar es Salaam, na mfungwa anaweza kutafutiwa kesi inayofanana na yake. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Nililipigania hilo katika midahalo ya chuo mpaka sauti ikakauka. Sikuwahi kuwaza kwamba Kiingereza kibovu cha mwenendo wa kesi kilikuwa pia pazia, na kwamba siku moja mtoto wa darasa la saba angeweza kutafuta jina la baba wa mwenzake akasoma aliyosema daktari.

Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na tume yake. Nimeisoma, na nina mawazo juu yake, lakini hayakuwa ya msaada jioni ile. Nilichofanya ni kuandika barua pepe kwa wanaoitunza tovuti niliyoisoma hukumu ile, nikaomba jina la baba, la shule na la kitongoji viondolewe. Nilijibiwa kwa adabu kwamba wao huweka hukumu kama ilivyotoka mahakamani. Nikaandika tena. Baada ya miezi miwili jina la shule lilitoweka. La baba lipo.

Halafu kukawa na suala la tasnifu. "Dokta, nikiweka namba ya rufaa kwenye tanbihi, nitakuwa nimemwelekeza kila msomaji mlangoni kwa mtoto yule."

"Na usipoweka, chanzo chako hakipo. Nikubalije kitu ambacho siwezi kukihakiki?"

Alikuwa sahihi, na nadhani nami nilikuwa sahihi, na tulikaa kimya huku feni ikizunguka. Mwishowe tulifanya kama Arusha walivyofanya. Katika tasnifu inaitwa Hukumu A. Namba iko kwenye bahasha iliyofungwa, aliyo nayo msimamizi, na mtahini akitaka kuhakiki ataifungua kisha ataifunga tena. Nilipoandika herufi ile moja, A, nilimkumbuka karani asiyejulikana aliyepitisha wino kwenye kurasa nilizozinunia, nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Kuna jambo moja linalokataa kukaa sawa katika hoja yangu, na sitaki kulificha. Mwaka 2015 ilitoka filamu ya kumbukumbu iitwayo The Uncondemned, kuhusu kesi ya Akayesu. Ndani yake, JJ, NN na OO wametokea kwa nyuso zao na majina yao. Hawakufichuliwa na mtu, walichagua. Wametazama kamera, wakacheka, wakasema sisi ndio wale. Nimeitazama mara mbili, na majina yao ninayajua. Sijayaandika hapa. Rafiki yangu mmoja aliyesoma rasimu hii aliniambia kwamba kuwaita kwa herufi baada ya wao wenyewe kujitaja ni dharau, ni kuwarudisha nyuma ya pazia walilolitoka kwa miguu yao. Huenda. Nimejibu kwamba walijitaja katika filamu waliyoikubali, hawakujitaja kwangu. Hajaridhika na jibu hilo, nami silishikilii kwa nguvu zote.

Desemba nilikwenda kwa bibi. Asubuhi ya pili alinituma mashineni, kana kwamba bado nina miaka kumi na miwili. Kulikuwa na foleni. Mbele yangu alisimama binti mwenye beseni la mahindi, mrefu, ana kidani chekundu shingoni, anasoma sekondari sasa. Alipogeuka alinitambua kabla sijageuza uso.

"Shikamoo dada. Umekuja lini?"

"Marahaba. Juzi."

"Bibi aliniambia unasomea mambo ya mahakama."

Nikamwambia hapana, nasomea historia. Akasema historia inampiga chenga, anapenda kemia. Tukazungumza kuhusu kemia mpaka zamu yake ikafika, akanyanyua beseni lake, nikamsaidia kulitua kwenye mzani.